Kazi kando ya maji ya mbio: namna ya kufundisha kikundi chako kwa siku moja kabla ya mvua

Kila mwaka mvua za Septemba zikikaribia, maswali ya makapita (wasimamizi wa kazi) wa Bukavu huwa yale yale. Wanauliza wachimba mchanga, wapanga gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe), wazibua mitaro na wanaoopoa plastiki mtoni. Anayejua kuogelea naye avae jile (koti la kuelea)? Mtu afungwe kamba kiunoni? Mwenzake akianguka, nani aruke kumfuata? Majibu mafupi ni haya: ndiyo, avae; hapana, asifungwe; asiruke yeyote. Yanayofuata hapa chini ni namna ya kuwafanya watu wako wayazoee majibu hayo mpaka mikono yao iyajue bila kufikiri.

Mwongozo ni wa kikundi cha watu wanane hadi kumi, siku moja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa mchana. Haumfanyi mtu kuwa mzamiaji wala mwokoaji wa kitaalamu. Unataka mambo mawili tu: mtu asianguke, na akianguka apate kamba mkononi ndani ya sekunde kumi bila mtu wa pili kuingia majini.

Ujue unafanya kazi kwenye mto wa aina gani

Mto Ruzizi hutoka ziwani, na Ziwa Kivu ni kubwa mno kujaa kwa mvua ya saa moja. Kwa hiyo pale mdomoni, mto unapotoka ziwani, maji hayapandi ghafla kwa sababu ya mvua. Hubadilika kwa sababu ya milango na mashine za baraji (bwawa la umeme) ya Mururu, yaani Ruzizi I, iliyoko kilomita chache tu chini ya ziwa, na chini yake tena kuna Ruzizi II. Anayefanya kazi chini ya baraji anaweza kuona maji yamepanda huku jua linawaka. Kabla ya kazi, kapita lazima azungumze na wahusika wa baraji, aulize saa za kufungulia maji, na aombe wampigie simu zikibadilika.

Kahwa, Wesha na mito mingine ya vilimani ni kinyume chake. Milima ni mikali, nyumba zimebanana, udongo hauna miti ya kuushika. Mvua ikipiga juu Kadutu wewe uko chini penye ukavu, maji yanakufikia kwa dakika chache, tena yamebeba mawe, mabati na vigogo. Huko usitazame mawingu yaliyo juu ya kichwa chako. Tazama yaliyo juu ya chanzo cha mto.

Vitu vya kuandaa

- Majile, moja kwa kila mtu atakayekaribia maji. Likatae lililochanika, lisilo na kifungo kimoja, au ambalo povu lake likibonyezwa halirudi.
- Kamba ya plastiki inayoelea, unene wa milimita 8 hadi 10, vipande vitatu vya mita 20. Kabla ya kulipa, omba kipande cha urefu wa kiganja ukitupe kwenye beseni la maji. Kikizama, hiyo ni nailoni, iache.
- Mifuko mitatu ya kurushia (namna ya kushona iko kwenye hatua ya 3).
- Firimbi za plastiki, moja kwa kila mtu. Zile zenye gololi ndani huziba zikilowa.
- Mti mrefu mwepesi au mwanzi wa mita 3 hadi 4, vipande viwili.
- Bidoni mbili za lita 5 zenye vifuniko visivyovuja.
- Kofia ngumu zenye mkanda wa kidevuni. Kofia ya pikipiki usiitumie: ni nzito, huchota maji, na mkondo unavuta shingo.
- Viatu vya kamba vinavyobana mguu. Mabuti ya mpira yabaki shantie (kambi ya kazi). Yakijaa maji, mtu hawezi kupiga miguu wala kupanda ukingo.
- Kisu kimoja cha mrushaji, kifungwe mahali mkono mmoja unaweza kukifikia.
- Chokaa au kamba ya rangi ya kuchora mpaka, simu yenye moto na salio, sabuni, maji safi.

Majile yakiwa machache kuliko watu, punguza watu ukingoni. Usipunguze usalama ukisema "huyu anaogelea vizuri". Maji ya mbio hayafanani na ya ziwani. Mwogeleaji hodari akigonga jiwe kwa kichwa ni sawa na asiyejua kabisa.

Hatua 1. Pima mbio za maji

Pima mita 10 kando ya mto, weka alama mwanzo na mwisho. Tupa kijiti katikati ya mkondo, hesabu sekunde. Rudia mara tatu, chukua ile ya mbio zaidi.

- Sekunde 20 au zaidi: maji ya polepole, yanafaa kwa mazoezi.
- Sekunde 10 hadi 20: asiingie mtu kupita magotini, hata akiwa na jile.
- Chini ya sekunde 10: haingii mtu. Kazi hufanywa kutoka ukingoni, mrushaji akiwa tayari.

Nadharia inayohitajika ni hii tu: maji yakienda mbio mara mbili, msukumo wake unakuwa mara nne. Ndiyo sababu mtu aliyesimama vizuri asubuhi anaangushwa mchana mahali pale pale, kwenye kina kile kile.

Kisha soma uso wa maji pamoja na kikundi. Alama ya V ambayo ncha yake inaelekea chini ya mto ni njia ya maji iliyo wazi. V ambayo ncha yake inaelekea juu ya mto ina jiwe chini ya ile ncha. Nyuma ya jiwe kubwa maji hurudi kinyume na kutulia, na hapo ndipo mtu aliyeanguka anaweza kupumzika. Mstari ulionyooka kukata mto, ambao nyuma yake huoni maji, ni maporomoko au ukuta. Mti ulioanguka, rundo la plastiki au wavu wa chuma ni kitu kibaya kuliko jiwe, kwa kuwa maji hupita katikati lakini mtu anabanwa hapo na kuzamishwa.

Hatua 2. Chora mpaka na panga watu

Mita 3 kutoka majini, chora mstari wa chokaa. Ndani ya mstari huo ni jile, kofia na firimbi, hata kwa anayepita kuchukua beleshi. Mkubwa wa kazi au mgeni asipovaa, abaki nje ya mstari. Kapita akivunja sheria hii mara moja, ameifuta kwa kikundi chote.

Wachimba mchanga wana tatizo la ziada, maana ukingo waliouchimba kwa chini huwa umebaki kama kibaraza. Weka mpaka wao kuanzia pale udongo ulipo mzima, si pale majani yanapoishia.

Panga watu watatu ambao hawachimbi wala kubeba chochote wakati wengine wanafanya kazi. Mmoja akae juu ya mto, mita 50 hadi 100, kutazama vigogo na maji yanayopanda. Wawili wakae chini ya mto na mifuko ya kurushia, wakiachana mita 15 hadi 20. Makapita wengi wanaona hawa watatu wanakula mshahara wa bure. Hesabu basi: maji ya mita 2 kwa sekunde yanampitisha mtu mita 20 kwa sekunde kumi. Kamba iliyo ndani ya gari, au mikononi mwa mtu mwenye beleshi, haiwezi kumuwahi.

Wa juu achomeke kijiti kwenye ukingo wa maji na kukitazama kila dakika 10. Maji yakipanda upana wa vidole vitatu, wote watoke bila majadiliano. Watoke pia rangi ikigeuka ghafla kuwa ya udongo, majani na vijiti vikiongezeka, au sauti ya mto ikibadilika.

Firimbi: mlio mmoja ni "simama, nitazame". Miwili ni "tokeni majini". Mitatu ikirudiwarudiwa ni "mtu yuko majini". Ifanyeni mara kadhaa karibu na mto wenyewe, kwa sababu pale sauti ya mdomo haisikiki.

Hatua 3. Shona mfuko wa kurushia

Hapa usiharakishe. Mfuko ndio utakaomwokoa mtu.

1. Chukua gunia la plastiki la mchele wa kilo 25. Kata na kushona mfuko wenye urefu wa sentimita 35 na upana kama wa paja la mtu mzima.
2. Toboa tundu katikati ya kitako. Pitisha ncha ya kamba kutoka ndani, funga fundo la nane kwa nje, kisha choma ncha kwa moto isifumuke.
3. Weka ndani ya kitako kipande cha povu la kandambili kuukuu, ili mfuko uelee hata ukilowa.
4. Sindilia kamba ndani kiganja kwa kiganja, ukianzia upande wa kitako. Usiizungushe kama duara. Kamba iliyozungushwa hujifunga, iliyosindiliwa hutoka yenyewe.
5. Acha nusu mita nje ya mdomo. Ncha hiyo isiwe na fundo wala kitanzi. Watu hupitisha mkono kwenye kitanzi, na siku mzigo ukiwa mzito hawawezi kuachia.

Kama hujapata gunia, tumia bidoni ya lita 5. Tia maji nusu lita ili iruke, funga kifuniko kwa nguvu, funga kamba kwenye mkono wake. Bidoni hiyo inabeba kilo nne na zaidi, ambazo zinatosha kushikilia kichwa cha mtu mzima juu ya maji. Lakini usimfunge mtu bidoni mgongoni badala ya jile. Itamgeuza kifudifudi.

Hatua 4. Kurusha, kwanza kiwanjani

Anzeni pakavu. Weka kofia chini, mita 12 mbele ya mrushaji. Kila mtu arushe mara kumi.

1. Shika ncha huru kwa mkono mmoja, mfuko kwa mwingine. Usizungushie kamba mkononi hata mara moja.
2. Ita kwa sauti: "Kamba!" Aliyeanguka anapaswa kukutazama kabla hujarusha.
3. Rusha kwa mkono wa chini, kama anayerusha ndoo ya maji. Lenga kupita kichwa chake, kamba imwangukie kifuani. Mfuko ukiishia mbele yake, yeye hataweza kuufuata.
4. Rusha akiwa bado juu kidogo ya mto kuliko wewe, au mkiwa sawa. Akishakupita, unaukimbiza mto.
5. Akishika, kaa chini au piga magoti, kamba ipite nyuma ya kiuno chako. Mwenzako akushike jile kwa nyuma.
6. Usimvute dhidi ya mkondo. Shikilia tu, mto wenyewe utamleta ukingoni kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba zake.

Kabla ya kuchagua mahali pa kusimama, tazama mita 20 chini yako, kwa kuwa hapo ndipo atakapofikia. Pakiwa na mti uliolala, wavu au ukuta, mahali hapo hapafai hata kama ni pazuri kwa kurushia.

Kwa marusho ya pili usisindilie tena. Vuta kamba haraka, ikusanye mkononi kwa mizunguko mikubwa, chota maji kidogo mfukoni upate uzito, rusha. Lengo la siku: mita 12 mara nane kati ya kumi, na marusho ya pili ndani ya sekunde 20.

Hatua 5. Kuelea na kupokea kamba

Sasa nendeni kwenye maji tulivu. Ufuo wa Ziwa Kivu unafaa, ila sehemu nyingi hushuka ghafla hatua chache kutoka nchi kavu. Pima kwa mwanzi kwanza, mbaki pa kiunoni.

Vaeni majile. Kila mtu ainuliwe kwa mabega ya jile lake. Likipanda mpaka masikioni, kaza mikanda. Halafu kila mmoja ajifunze haya:

1. Lala chali, miguu mbele kuelekea chini ya mto, vidole vya miguu vionekane juu ya maji, makalio juu. Miguu ndiyo inayopokea mawe.
2. Usisimame mpaka mikono iguse chini. Hapa ndipo wengi wanapokufa. Mguu hunasa katikati ya mawe, mkondo unausukuma mwili mbele, na kichwa kinabaki chini ya maji yasiyofika hata kiunoni.
3. Ukiona mti au rundo la takataka mbele na huwezi kulikwepa, geuka kifudifudi, ogelea kwa nguvu kulielekea, panda juu yake kwa kifua. Usifike hapo kwa miguu.
4. Kamba ikija, shika kamba, si mfuko. Iweke kifuani kwa mikono miwili, ipite juu ya bega lililo mbali na mrushaji, ubaki chali. Maji yatakupita kichwani na utaweza kupumua.

Yeyote anayetaka mazoezi kwenye mkondo wenyewe atumie maji ya sekunde 20 kwa mita 10, ya magotini hadi mapajani, yasiyo na kitu cha kunasa kwa mita 100 chini. Kati ya mdomo wa ziwa na baraji ya Mururu msifanye zoezi lolote la kuelea. Chini kuna wavu wa mitambo, na mto wenyewe ni mpaka na Rwanda.

Hatua 6. Mpangilio wa uokoaji

Wafundishe waseme kwa mpangilio huu, na wasiruke hata ngazi moja: ita, nyosha, rusha, mtumbwi. *Ita* ni kumwelekeza aogelee upande upi. *Nyosha* ni mwanzi, ukiwa umelala kifudifudi ukingoni. *Rusha* ni mfuko. *Mtumbwi* ni pale tu penye maji tulivu na mwendeshaji anayeujua mto huo. Ngazi ya tano, kuingia majini, ni ya waliofunzwa wakiwa na vifaa vyao. Kikundi chako hakina ngazi hiyo.

Kuhusu kamba kiunoni: mtu aliyefungwa akianguka kwenye mkondo, kamba inakaza, maji yanamkandamiza, anazama mahali pale pale huku wenzake wanavuta. Wanaoopoa plastiki mbele ya wavu wanaweza kutumia mkanda wa mwili wenye kamba fupi iliyofungwa nyuma kwenye nguzo, fupi kiasi kwamba mtu *hawezi kuufikia ukingo*. Ikimruhusu kuanguka majini, ni ndefu mno. Kamba pia isikatishwe mto kwa mraba, ukingo hadi ukingo. Aliyeishika atabaki katikati, amekunjwa na mkondo.

Hatua 7. Akishatolewa

Lalisha chali pakavu. Haitiki na hapumui, au anakoroma kwa nafasi ndefu: mpe pumzi tano kwanza, kisha kandamiza kifua mara 30, pumzi 2, na kurudia. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina sentimita 5 hadi 6. Mwingine apige simu na kutafuta gari wakati huo huo.

Usimbonyeze tumbo. Usimning'inize kichwa chini. Tabia hii imeenea sana na inaua: chakula kinapanda na kuingia mapafuni, na muda wa pumzi unapotea. Anayepumua lakini hajitambui alazwe ubavu. Kila aliyezimia, hata akiamka na kusema ni mzima, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani mapafu yanaweza kumgeuka baada ya saa kadhaa.

Waliolowa wote waoge kwa sabuni na kuosha vidonda. Mito ya mjini inapokea vyoo, na kipindupindu hakijaondoka Kivu.

Mambo yanayokwama, na dawa yake

*Mfuko unaishia njiani.* Kamba imezungushwa badala ya kusindiliwa, au mrushaji anaachia mapema. Sindilia upya, achia mkono ukifika usawa wa macho.

*Kamba inafika lakini mtu haishiki.* Hakuitwa, au imeangukia miguuni. Rusha mapema zaidi na mbali zaidi.

*Ameshika, kichwa kinazama.* Amelala kifudifudi, au mrushaji anavuta. Acha kuvuta, tembea hatua mbili tatu kuelekea chini ya mto huku umeshikilia, mwambie ageuke chali.

*Mrushaji anaburutwa.* Amesimama wima bila mwenzake. Akizidiwa, aachie kamba. Mrushaji wa pili yuko chini kwa kazi hiyo.

*Jile linapanda usoni.* Mikanda imelegea, au ni kubwa kwa mvaaji. Ongeza mkanda wa kupita katikati ya miguu.

*Mtu anaogopa maji kabisa.* Usimlazimishe. Mfanye mrushaji au mtazamaji wa juu. Woga wake unamfanya awe makini, na kazi hizo hazihitaji kulowa.

*Kamba imekuwa na vumbi jeupe na nyuzi zinakatika.* Jua limeila. Kata vipande vya kufungia mizigo, nunua mpya. Inayobaki nzima ianikwe kivulini na itunzwe ndani ya mfuko wake.

*Wamesahau yote baada ya miezi miwili.* Ni kawaida. Kila Jumatatu kabla ya kazi, kila mrushaji arushe mara tano kiwanjani; inachukua dakika 15. Siku nzima ya mafunzo irudiwe mwishoni mwa Agosti, na kila mfanyakazi mpya apite hatua ya 4 na ya 5 kabla ya kuvuka mstari wa chokaa.